Masomo ya prive yafungwe?

Swali: Tangu 2019 masomo ya primere ya leta ni bure, lakini mtoto wangu hapa Kadutu wanabanana wanne kwa benchi moja. Jirani yangu analipa minervali, ile pesa ya masomo, kwa prive. Si yafungwe wote wakuwe sawa?
Mama wa Bukavu

Jibu: Mama, uchungu wako nausikia kabisa. Ila tukifunga leo, wale watoto wataingia wapi, si benchi ile ile? Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 43, inasema primere ya leta ni bure, sasa bure bila benchi, na mwalimu mwenye njaa, hiyo ni haki nusu. Finland prive ziko chache, na elimu ya msingi imekatazwa kutafuta faida. Mimi ningeanza hapo: faida itoke, na watoto wa wakubwa wenye kuamua wakae na wako.