Shina likitoa maziwa, usile
Umetuma picha za mmea ulioota kwenye tuta lako, ukiuliza kama ni Portulaca oleracea, gugu la majani manono linaloliwa kama mboga. Mmea huu wa shina jekundu unaotambaa si Portulaca hiyo, bali ni aina ya Euphorbia, kundi la mimea yenye utomvu mweupe, na haufai kuliwa. Katika picha ya pili, pale shina lilipokatika, linaonekana wazi tone la utomvu mweupe kama maziwa, ilhali Portulaca ikivunjwa hutoa majimaji maangavu tu. Shina la Portulaca pia ni nene, nyororo na lisilo na vinyweleo, na majani yake ni manono yaliyojaa maji, tofauti na haya yako yaliyo membamba.

Nimekuwa nikipalilia mimea yote miwili kwa miaka mingi, na alama ninayoiamini zaidi baada ya utomvu ni tunda: kijitunda cha Portulaca kikikomaa hufunguka juu kama chungu kilichoondolewa kifuniko, na ndani yake mna mbegu ndogo nyingi nyeusi, ilhali cha Euphorbia hupasuka vipande vitatu, kila kimoja kikiwa na mbegu moja.

Nawa mikono kabla ya kugusa macho, kwani utomvu huo huwasha ngozi na unaweza kuyadhuru macho vibaya. Kukosa maziwa peke yake, hata hivyo, hakuthibitishi kwamba mmea unalika. Tena mimea hii miwili mara nyingi huota imechangamana, kwa hiyo hata ukiipata Portulaca yenyewe, ichambue tawi kwa tawi kabla ya kuipika.