Farasi Aliyeona Godoro

Maswali ya wasomaji kuhusu kupanda farasi njiani na porini. Anayejibu alianza kazi akiwa saisi, yaani mtunza farasi, huko Usa River, kisha akawaongoza wageni kwa farasi kwa miaka 27.

SWALI: Shikamoo mzee. Nina umri wa miaka 24, na huu ni mwezi wa tano naongoza wageni kwa farasi. Wiki iliyopita tulikuwa watano, tunapita kando ya shamba la kahawa. Bodaboda ikatokea konani imebeba godoro. Farasi wangu, ambaye hata twiga hamshtui, aligeuka akatoka shoti. Nilivuta hatamu kwa nguvu zangu zote, wapi! Alikuja kusimama mferejini. Mgeni mmoja alianguka ila hakuumia. Bosi anasema nilizembea. Farasi akishatoka mbio, kuna la kufanya? (Msomaji, Usa River)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole.

Usimshangae farasi wako. Twiga anamjua, amekua akimwona. Godoro linalotembea lenyewe na kunguruma hajawahi kutambulishwa kwalo. Mimi nilikuwa na dume mwekundu aliyeweza kusimama na kutazama tembo wakila, akitafuna lijamu, kile chuma cha mdomoni, kama mzee anayetafuna kijiti. Dume huyohuyo alinitupa chini kwa sababu ya mfuko wa rambo ulionasa kwenye mwiba ukawa unapepea. Nilivunjika mtulinga. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Juni 2019, watu walishangilia mazingira, mimi nikashangilia bega langu.

Sasa hatamu. Ukivuta zote mbili kwa pamoja, unampa kitu cha kuegemea. Shingo yake ina nguvu kuliko mikono yako, na anavyozidi kuegemea ndivyo anavyozidi kwenda. Kaa chini kwenye tandiko, usiiname mbele, kisha fupisha hatamu moja tu na uivute kuelekea gotini kwako huku ile nyingine ukiilegeza. Kichwa kikigeuka, mwili unafuata, naye anaanza kuzunguka. Anza na duara kubwa, lipunguze kidogo kidogo. Ukimkunja ghafla akiwa kwenye mwendo mkali, au njia ikiwa nyembamba au na utelezi, miguu inapishana na mnaanguka wote, yeye juu yako. Pasipo na nafasi, mwelekeze mlimani kama mlima upo, achoke.

Jambo hili hujifunzi siku ya godoro. Mfundishe uani, akiwa anatembea polepole, upande wa kulia na wa kushoto, mpaka ageuze shingo kwa kidole kimoja.

Lakini hebu nikuulize: sekunde chache kabla ya kona, masikio yake yalikuwaje? Farasi aliisikia ile bodaboda kabla yako. Masikio yalisimama yote mawili kuelekea mbele, shingo ikapanda, mgongo ukakakamaa chini yako kama ubao. Nadhani ulikuwa umegeuka unaongea na wageni. Wote tumewahi. Wakati ule ndipo ungetoa pumzi kwa sauti, ukasema naye, ukamsimamisha na kumgeuza uso uelekee sauti inakotoka. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote, isipokuwa mbele kabisa ya paji lake na nyuma kabisa ya mkia. Kitu cha kutisha kikiwa hapo nyuma, atakimbia kwanza, maswali baadaye.

Na hao madereva wa bodaboda, umewahi kwenda kijiweni kwao? Mimi nilikwenda, nikanunua chai na chapati za watu wanane, nikaomba jambo moja: nikiinua mkono, zima injini. Sijui chai nyingine iliyowahi kunilipa vile.

Mwambie na bosi wako, kwa adabu, kwamba kiongozi hupanda farasi mtulivu kuliko wote, si mzuri kuliko wote. Wa mbele akitimka, wa nyuma hawaulizi sababu. Na wageni waambiwe kabla ya kutoka: mambo yakiharibika, shika singa, zile nywele za shingoni mwa farasi, usipige kelele.

SWALI: Habari za kazi, kaka. Mimi na mume wangu tuna farasi wawili huku Sanya Juu. Njia yetu inapita chini ya miti yenye mizinga ya nyuki. Tukivamiwa tufanyeje? (Mama wa farasi wawili)

JIBU: Nzuri dada yangu. Hapa sina mzaha. Nyati nilimheshimu, nyuki niliwaogopa.

Kwanza badilisheni njia, hata ikiongeza nusu saa. Mkishindwa, ulizeni mwenye mizinga anarina lini, msipite siku hiyo wala kesho yake. Msimfunge farasi karibu na mti wa mizinga hata kwa dakika tano. Popote mnapomfunga, fundo liwe la kufunguka kwa mvuto mmoja, na kisu kiwe kiunoni.

Wakiwavamia, ondokeni. Msipunge mikono, msisimame kutazama ni wangapi. Kaeni kwenye tandiko mkiweza, mwende moja kwa moja, mbali, bila kurudi kuchukua kofia. Ukianguka, mwache farasi aende zake, wewe kimbia ukifunika uso, uingie ndani ya nyumba au gari. Usijitose mtoni, watakungoja utoe kichwa. Nyuki akikuchoma huacha harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, na harufu hiyo huwaita wenzake. Ukiisikia huku hakuna mgomba karibu, ongeza mwendo.

Mkishafika salama, toeni miiba haraka, kwa kucha au mgongo wa kisu, kwani mwiba unabaki ukisukuma sumu. Mtu akivimba uso au pumzi ikibana, hospitali, saa hiyohiyo. Farasi mtazame puani. Yeye hapumui kwa mdomo kama sisi, pua ikivimba ikaziba amekwisha. Daktari wa mifugo aitwe kabla hujaanza kuhesabu alikochomwa.

SWALI: Binti yangu wa miaka 10 anajifunza kupanda. Je, kofia ya pikipiki inatosha? (Baba, Naivasha)

JIBU: Hapana, baba. Ni nzito kwa shingo ya mtoto na inamziba masikio asimsikie mwalimu. Mtafutie ya kupandia farasi, na akianguka nayo kichwa kikagonga chini, nunua nyingine hata kama haionyeshi ufa. Viatu viwe na kisigino, mguu usije ukapenya kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia, akaburutwa. Hatamu asijiviringishie mkononi kamwe. Nanyi mnaomsindikiza, simu ziwe mifukoni mwenu, si kwenye mkoba wa tandiko. Mimi farasi aliwahi kurudi nyumbani na simu yangu, nami nikabaki kilomita saba porini nikipiga mluzi.