Re: Quruu tatu ni hedhi au twahara?

Waalaykum salaam ndugu yangu, umeuliza kwa ajili ya dada yako aliyeachwa, aya ya 228 ya Baqara inayosema aliyeachwa akae eda ya quruu tatu, ustadh mmoja kakwambia ni hedhi mwingine twahara, yaani kipindi cha usafi kati ya hedhi na hedhi, sasa nani muongo. Hakuna muongo hapo. Kwa Waarabu neno lenyewe linabeba zote mbili na masahaba walishatofautiana kitambo, bi Aisha na Zaid bin Thabit walisema twahara, Omar na Ibn Masud wakasema hedhi.

Imamu Shafii kashika twahara kwa sababu Suratut Talaq aya ya 1 inataka mke aachwe kwa wakati wa eda yake, na Mtume alimfundisha Ibn Omar talaka itolewe mke akiwa twahara, kwa hiyo wakati wa eda ni twahara. Wahanafi, wafuasi wa Imamu Abu Hanifa, nao wanakwambia hebu soma aya ya 4 hapohapo, aliyekatikiwa na hedhi kapewa miezi mitatu badala yake, kwa hiyo kinachohesabiwa ni hedhi. Hoja nzito hiyo, siibezi japo mimi Mshafii kama wengi wa huku pwani.

Kasheshe iko kwenye rejea, yaani mume kumrudia mke kabla eda haijaisha. Kaachwa akiwa twahara, basi kwa Mashafii twahara ile ni moja, akiiona tu damu ya hedhi ya tatu eda imeisha na mume akimtaka tena ni ndoa mpya na mahari mapya, wakati kwa Wahanafi bado ana nafasi mpaka hedhi ile iishe.

Huyo dada yako aliachwa akiwa twahara au hedhini? Maana kama ni hedhini, hedhi ile haihesabiwi.