Wagonjwa 9 tu, mbona hatari kubwa?

Ndugu, umeuliza kwa nini Marburg (ugonjwa wa virusi unaoambukizwa kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa) ya Kagera, Tanzania, mwaka 2023 ilitajwa kuwa hatari kubwa sana kitaifa ilhali wagonjwa walikuwa 9 tu. Idadi peke yake haitoshi. Kinachotazamwa zaidi ni nani kamgusa mgonjwa, na je, wote wanajulikana walipo? Kati ya hao 9 walifariki 6, na wahudumu wa afya walikuwamo kwenye walioambukizwa; hapo lazima ushtuke. Kagera nayo inapakana na Uganda, Rwanda na Burundi. Waliokutana na wagonjwa hufuatiliwa siku 21 maana dalili huweza kuchelewa hadi hapo. Kidunia hatari ilikuwa ndogo, na Shirika la Afya Duniani halikushauri kuzuia safari.