Hiyo "RAM 16" si 16
Mkuu, hiyo simu ya Makoroboi, Mwanza, uliyoambiwa ina "RAM 16" (RAM ni kumbukumbu ya muda inayoendesha programu zilizofunguliwa, hapa GB 16), geuza boksi usome: wameandika 8+8. Nane ndiyo RAM yenyewe. Nane ya pili imeazimwa kwenye hifadhi, pale pale unapoweka picha na video, na hifadhi ni ya polepole kuliko RAM. Kwa hiyo hiyo simu na ile ya mdogo wako yenye 8 tupu, kwa RAM ziko sawa. Mimi ningeuliza hifadhi ni ya aina gani: UFS kwa kawaida inafungua programu haraka kuliko eMMC, ila wauzaji wengi hawaigusii kabisa. Megapikseli za kamera achana nazo, toka na simu nje upige picha. Jua la Mwanza litakuonyesha pia kama kioo kinasomeka.