Feni ya gia imevunjika mapanga: usiendelee kuiendesha hivyo

Kaka, umesema trekta yako ya bustani inapanda kilima vizuri, lakini baada ya nusu saa inachoka, na umekuta mapanga mawili ya feni iliyo juu ya gia yamevunjika. Basi jibu unalo tayari. Gia ya haidrostatiki husukuma magurudumu kwa presha ya oili. Oili ikipata moto sana inakuwa nyepesi, inapenya pembeni mwa pistoni za pampu badala ya kusukuma, na nguvu inapotea. Feni hiyo ya plastiki ndiyo inayoipoza. Nyasi kavu nazo zikijazana kwenye bodi ya gia, ni kama umeivalisha koti.

Kinachonitisha zaidi ni mteremko. Gia hiyohiyo ndiyo inayokupunguzia mwendo unapoachia pedali. Ikilegea kwa joto, trekta inaweza kuserereka nawe ukiwa juu yake. Kwa hiyo huko kilimani usiende mpaka uitengeneze.

Na tafadhali, usiingize mkono injini ikiwa inanguruma. Feni huzungushwa na mkanda hata trekta ikiwa imesimama, na vidole havina spea. Egesha pa tambarare, vuta hendibreki, zima, toa ufunguo, chomoa waya wa plagi, subiri ipoe. Safisha kwa brashi.

Feni mpya iwe ya modeli ya gia yako, maana nyingine mapanga yake yamelala upande tofauti. Namba iko kwenye bodi ya gia. Ipige picha kabla ya kwenda dukani.