Kili Marathon: kabla hujaukimbia mpando wa Mweka, nenda ukautembee kwanza

Wadau wa mbio, mwezi wa pili ukikaribia, na Kili Marathon ya Moshi ikiwa mlangoni, watu wanaanza kuniuliza maswali, nivae raba gani, nile nini usiku wa Jumamosi, nilale saa ngapi, na mimi huwa nawarudishia swali moja tu, njia umeshaiona? Wengi hawajaiona. Wameona ile laini ya ramani ya njia kwenye simu wakaridhika, na ile laini ndugu yangu haipandi wala haishuki, imelala tu hapo kwenye kioo.

Kwa wa kilomita 42 ni kama mbio 2 zimeunganishwa. Mnatoka pale uwanja wa Ushirika, mnaenda kwenye barabara kuu ya Himo na Dar, mnageuza, mnarudi mjini, na kote huko barabara ni ya kirafiki kiasi kwamba mtu anajiona leo yuko vizuri sana. Alafu ndo mnapelekwa juu, njia ya Mweka, kijiji kilichoko mteremkoni mwa mlima Kilimanjaro, mnapanda mnapanda, mpaka unafika kwenye kugeuza umeshamaliza kilomita 30 na kitu, ndipo unashuka kurudi uwanjani. Wa 21 nao wanaenda hukohuko Mweka ila wao wanaukuta mpando miguu bado mibichi. Kwa hiyo usimsikilize sana rafiki yako wa 21 akikwambia "ule mlima mbona wa kawaida", anasema kweli, ila anasema ya kwake.

Wabongo tuna historia na mbio zenye vilima mwishoni. Marathon ya Boston kule Marekani vilima vyake vikubwa viko kama kilomita ya 26 mpaka ya 34, palepale mwili unapoanza kugoma, na Juma Ikangaa alikuwa wa pili pale miaka 3 mfululizo, 1988, 1989 na 1990, tena ule wa 1988 Ibrahim Hussein wa Kenya alimzidi sekunde 1 tu. Gabriel Geay akawa wa pili 2023, Alphonce Simbu naye wa pili 2025, kabla hajaenda Tokyo mwaka huohuo kuchukua dhahabu ya marathon kwenye mashindano ya dunia. Ile ya Ikangaa, sekunde 1 baada ya kilomita 42! Kilima kinachokuja mwishoni sio kitu cha kwenda kujuana nacho siku yenyewe.

Sasa unaikaguaje njia. Cha kwanza, usiikague ukiwa ndani ya gari ukaona umemaliza. Gari linadanganya, dereva anakanyaga mafuta, wewe unapiga stori, mnafika juu unasema kumbe ni padogo. Na hata kwa miguu macho yanadanganya pia, kwa sababu huku kwetu ardhi yote imeinama kuelekea mlimani, migomba imepanda, nyumba zimepanda, kila kitu kimepanda pamoja na barabara, unaona kama tambarare huku mapafu yanakwambia kitu kingine. Dawa yake geuka nyuma uangalie mjini, utashangaa umeuacha chini kiasi gani. Au waangalie watu wa baiskeli, ukiona pahali wote wameshuka wanasukuma, hapo pawekee alama kichwani.

Kama unakaa Moshi au Arusha, njoo wiki 3 au 4 kabla. Anzia mjini asubuhi mapema, panda kwa miguu, kimbia taratibu ukichoka tembea, lengo ni kujua njia sio kujipima. Ukifika juu panda daladala au boda urudi. Najua wengi wanapenda kinyume chake, wapande na boda washuke wanakimbia, ni raha kweli, ila unakuwa umejifunza nusu rahisi. Kushuka nako kuna somo lake ntalisema. Na uwe makini na magari, njia ya Mweka ndo wanayoshukia wageni wengi wanaotoka mlimani, kwa hiyo kuna magari ya watalii na wagumu, yaani wabeba mizigo wa mlimani, yanapita, na siku ya mazoezi hakuna aliyekufungia barabara. Ukienda Jumapili pia utakuta watu wanaenda ibadani, punguza mwendo, salimia, ni kijijini kwa watu pale.

Ukiwa njiani usihesabu kilomita tu. Chagua vitu vya kushika, kanisa, duka lenye rangi fulani, kona yenye mti mkubwa, daraja, na uvipange kwa kuhesabu kutoka juu kuja chini, yaani nikifika hapa imebaki kona 2 nigeuze. Mimi kwangu hiki ndicho chenye thamani kuliko vyote. Mtu aliyechoka akiambiwa bado kilomita 4 anakata tamaa, akiambiwa fika pale dukani anafika.

Angalia na jua. Mwisho wa mwezi wa pili Moshi ni joto hasa, masika bado. Asubuhi mkiwa mnaelekea upande wa Himo jua linachomoza usoni kwenu, kofia yenye ukingo itakusaidia kuliko miwani. Mkija kupanda Mweka mnaelekea kaskazini, jua linakuwa mkono wa kulia, kwa hiyo kivuli cha miti na migomba kinaangukia upande huohuo wa kulia wa barabara. Nenda kaangalie wapi kipo na wapi hakuna kabisa, maana kuna vipande viko wazi.

Kitu kingine watu hawakijui, njia ya mbio zilizopimwa rasmi inapimwa kwa mstari mfupi kuliko yote unaowezekana, kwenye kona kipimo kinapita sentimita 30 tu kutoka ukingoni. Ukizunguka kona kwa nje unakimbia ya ziada, ndo maana saa yako inakwambia 42 na nusu unaanza kulalamika wamekosea. Kwahiyo kata kona pale barabara imefungwa, ila kwenye kupanda kivuli kikiwa upande mwingine, mimi naona bora kivuli kuliko hizo mita chache.

Sasa kushuka. Watu wanafika juu wanashangilia, wanaachia miguu. Unaposhuka misuli ya mbele ya mapaja inafanya kazi ya breki, inavutika huku inakaza, na hiyo ndiyo inayoichana zaidi kuliko kupanda, maumivu yake yanakuja kesho na keshokutwa yake, ngazi zinakuwa adui. Ila kwenye mbio hayasubiri kesho, ukishuka ovyo mapaja yanakaza ukiwa bado hujafika uwanjani, na kilomita za mwisho mjini lami inachemka unatembea. Siku ya ukaguzi jaribu kipande kifupi cha kushuka, hatua fupi fupi, usijivute nyuma, usitue na kisigino mbele ya mwili. Kipande kifupi tu inatosha, wiki 3 kabla, sio wiki ya mbio.

Kwa mnaotoka Dar mnafika Ijumaa au Jumamosi, msipande Mweka kwa miguu siku moja kabla, nawaomba. Chukueni boda au bajaji, mwambieni dereva aende polepole, shukeni sehemu 2 au 3 zenye mwinuko mtembee dakika chache, inatosha. Moshi iko mita 800 na kitu juu ya usawa wa bahari, sio juu ya kutisha, ila ukitoka Dar na kupanda juu zaidi ya hapo pumzi utaisikia.

Na ukichukua namba yako omba ramani ya mwaka huo, uifananishe na uliyoyaona, vituo vya maji na sehemu ya kugeuza vinaweza kuhamishwa, kisha vipange kwenye zile alama zako, maji kabla ya duka, maji baada ya kona.